Nachapa kazi kweli lakini ofisini sionekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwani kuonekana kazini maana yake nini? Si kujipendekeza tu huko?

Hapana. Kuonekana ni hivi, watu wanaoamua mambo yako, yani bosi wako, bosi wa bosi wako na yule wa utumishi, wamekaa kikao ambacho we haupo, jina lako likatajwa, na kuna mtu pale ana sentensi moja kamili ya kusema kuhusu kazi yako. "Aaa huyo ndo alimaliza lile suala la marejesho." Basi, ndo hiyo. Kama jina lako likitajwa wanachosema ni "yule mpole yule, anakaa karibu na printa" ujue bado.

Mi hili nimelijua kwa kuumia. Nilikuwa upande wa stoo kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, miaka mitatu kila Ijumaa nalinganisha leja ya stoo na mfumo, napata tofauti, nazifuatilia mpaka kwa madereva, narekebisha, alafu natuma faili la Excel bila neno lolote, imeili tupu na kiambatanisho. Nafasi ya usimamizi ikatoka akapewa mwingine. Nikajikaza nikaenda kumuuliza bosi, akaniangalia kwa mshangao wa kweli kabisa akasema "mi nilijua zile namba zinatoka kwenye mfumo zenyewe". Hakuwa na ubaya na mimi hata kidogo, hakujua tu. Miaka mitatu hakujua, na mimi ndo sikumwambia.

Lakini wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hii methali imetufunga wengi sana, na nasema hivo nikiwa naiheshimu. Tumelelewa kwamba mtu mwenye adabu hajitaji, mkubwa ndo anakuona mwenyewe anakuita. Kwa jirani na kwa ukoo hilo linafanya kazi kwasababu watu wanakuona kila siku toka ukiwa mdogo. Ofisini bosi ana watu kumi na tano, simu tatu, kikao kila baada ya saa moja, na kazi nyingi za siku hizi zimo ndani ya kompyuta, hazionekani kwa macho kama tofali zilizopangwa.

Nenda Feri asubuhi kwenye mnada wa samaki uangalie. Anayeuza changu aliyevuliwa usiku uleule hakai kimya akasubiri samaki ajiuze, anamnyanyua juu, anafunua shavu kwa kidole ili watu waone matamvua mekundu, anataja bei, anamgeuza upande wa pili. Hajajisifu hapo, kamuonyesha samaki. Anayekuwa na wasiwasi wa kufunua shavu ni mwenye samaki wa juzi. Nataka ushike hii picha maana mengi ya huku chini yanarudi hapa, fungua shavu watu waone wenyewe.

Mi sio muongeaji, nimezaliwa hivi. Ntabadilika kweli?

Kwanza angalia ulivyoiweka hiyo sentensi, "nimezaliwa hivi", umeshafunga mlango. Carol Dweck, profesa wa saikolojia wa Stanford, amefanya utafiti miaka mingi kuhusu tofauti ya mtu anayeamini uwezo wake umeshapimwa ukaisha na anayeamini uwezo unakuzwa, na huyu wa pili akishindwa anatafuta njia nyingine wakati wa kwanza anaacha kujaribu. Kuongea kwenye kikao ni kazi ya kujifunza kama ulivyojifunza Excel. Hakuna aliyezaliwa anajua Excel.

Pili hakuna anayekudai uwe muongeaji, sentensi moja kwa kikao inatosha. Ila iandae, usitegemee ujasiri uje wenyewe ukiwa umekaa pale. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu aliyepanga "ikitokea hiki ntafanya hiki" anatimiza zaidi kuliko aliyekuwa na nia nzuri tu. Kwahiyo usiseme "leo ntachangia", sema "mwenyekiti akimaliza ajenda ya tatu tu, ntanyoosha mkono niseme naomba niongezee kidogo kwenye namba za marejesho". Mi mara ya kwanza niliiandika kwenye kikaratasi nikakiweka chini ya daftari, mikono inatoka jasho, nikasoma neno kwa neno, ikachukua kama sekunde ishirini. Mkuu wa mauzo akageuka akauliza "hizo namba unazo hapo?" nikasema ninazo. Toka siku ile akawa ananipigia mwenyewe.

Na kama unaogopa kwamba ukikosea neno ofisi nzima itakukumbuka nalo, sikia hii. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa chuo kikuu cha Cornell Marekani na wenzake walichapisha jaribio, mwanafunzi anavalishwa tisheti yenye sura ya mwanamuziki ambayo kwake ni aibu kuivaa, anaingizwa chumba chenye wenzake, alafu anaulizwa unadhani wangapi wametambua ni nani yule kwenye tisheti yako. Wakawa wanakisia karibu nusu, kumbe waliotambua ni kama robo tu. Kila mtu chumbani ana mawazo yake, ulivyojikwaa Jumatatu unakumbuka we mwenyewe.

Sasa umakini unaingiaje hapa? Mi nilidhani kuonekana ni kuongea na watu.

Umakini ndo unakupa kitu cha kuonyesha, ukiwa hauna samaki utafunua shavu la nini. Na wengi wetu tatizo linaanzia hapa, siku nzima tumeshinda bize, tumejibu meseji arobaini kwenye grupu la kazini, tumetafutia watu mafaili, tumepiga simu, jioni ukijiuliza leo nimemaliza nini hupati jibu, na kama we mwenyewe hupati bosi atalipata wapi.

Kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy, mwaka 2009 aliandika kuhusu mabaki ya mawazo, kwamba ukiacha kazi haijaisha ukarukia nyingine, kipande cha akili kinabaki kule ulikotoka na hii mpya unaifanya chini ya uwezo wako. Ndo maana unaweza kufungua ripoti saa tatu ukafika saa saba bado upo ukurasa wa kwanza, hujalala, hujacheza, ila umeitwa mara kumi na mbili.

Mi nachofanya, na nimewaambia wengi wakafanikiwa nacho, ni kuchagua kazi moja tu ya wiki ambayo ikiisha kuna mtu mwingine atapumua, mauzo au uhasibu au bosi mwenyewe. Sio ile rahisi na sio ile unayoipenda, ile ambayo ikikwama wengine nao wanakwama. Hiyo naipa saa mbili mpaka saa nne asubuhi kabla ya chai, simu ipo ndani ya droo, sio juu ya meza imelazwa kifudifudi maana ikitetemeka tu akili ishaenda. WhatsApp ya kompyuta nimeifunga. Saa nne nakunywa chai na chapati na wenzangu kama kawaida, najibu meseji zote kwa mkupuo, na baada ya hapo siku inakuwa ya watu. Masaa mawili ukiyahesabu kwa siku tano ni kumi, na masaa kumi ya utulivu kwa wiki moja yanatoa kazi ambayo ofisi nyingi hazijaizoea.

Ofisi yetu ni ukumbi mmoja mkubwa, kila mtu anakuita. Huo utulivu utatoka wapi?

Waambie. Kwa upole lakini waambie, "jamani mpaka saa nne nipo kwenye hesabu, kikiwa cha moto nishtue, kingine tuonane kwenye chai". Wiki ya kwanza watasahau, ya pili wataanza kukumbushana wenyewe. Ukishindwa kabisa wahi, ukifika saa moja na robo unapata dakika arobaini na tano za kimya, na kwa anayetokea Mbagala au Kimara foleni yenyewe ya saa hizo unaikwepa.

Bosi nimwandikie nini na mara ngapi? Naogopa kumsumbua.

Mara moja kwa wiki, mistari mitatu au minne, siku ileile. Mi natuma Ijumaa kabla ya saa tano maana baada ya hapo watu wanajiandaa na swala, wakirudi akili zipo wikiendi. Kazi yenyewe iandike kwa matokeo, usiiandike kwa ulivyohangaika. Angalia hizi mbili.

Ya kwanza: "Habari bosi, nimemaliza kulinganisha stoo, faili nimeambatanisha."

Ya pili: "Habari za asubuhi bosi. Wiki hii mfumo ulionyesha katoni 212 ambazo stoo hazipo. 190 tumezipata, ni delivari noti za marejesho hazikuingizwa, tumeshaingiza na uhasibu wameona. 22 zilizobaki nafuatilia na dereva wa njia ya Morogoro, Jumatano ntakupa jibu. Naomba unisaidie kitu kimoja, noti za marejesho zisainiwe siku hiyohiyo gari linapoingia."

Kazi ni ileile na jasho ni lilelile. Ila hii ya pili bosi anaweza kuikopi kama ilivyo akaituma juu, na hapo ndo siri yenyewe ilipo, bosi wako naye ana bosi wake na kila wiki anatafuta cha kusema. Ukimpa namba iliyokamilika, imesema kilichotokea, kilichofanyika na kilichobaki, umemrahisishia, hujamsumbua. Kuna anaependa kuambiwa kwa mdomo, hasa hawa wakubwa wetu wa umri, basi mpitie ofisini, "shikamoo mama, naomba dakika mbili tu", sema hayohayo, alafu bado andika ili ibaki kumbukumbu.

Na weka daftari lako mwenyewe pembeni, la karatasi au la kwenye simu, kila Ijumaa mstari mmoja wenye tarehe, kilikuwaje, kikawaje. Mwezi wa kumi na mbili watu wanapokuna vichwa wakumbuke walifanya nini mwezi wa tatu, we unafungua tu.

Nikibaki ofisini mpaka usiku si wataona najituma?

Wataona upo. Kazi hawajaiona bado. Na kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha kawaida cha masaa 45 kwa wiki na 9 kwa siku kwa wafanyakazi wasio mameneja, masaa ya ziada yanakuwa kwa makubaliano, hayazidi 50 ndani ya wiki nne, na yanalipwa mara moja na nusu. Ukiyatoa bure miezi sita mfululizo unajichosha tu, na mtu aliyechoka ndo yule anayekosea namba Alhamisi. Siku za moto baki, kufunga hesabu za mwezi baki, lakini usiifanye ndo njia yako ya kutambulika.

Nipo tawi la mkoani, bosi yupo makao makuu. Mwingine anauliza, nafanyia kazi nyumbani.

Nyie ndo mnatakiwa kulichukulia hili kwa uzito kuliko wote. Nicholas Bloom na wenzake walifuatilia wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip kule Shanghai kwa miezi 9, waliojitolea wakagawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa, wa namba shufwa wakafanyie kazi nyumbani siku nne za wiki, wa namba witiri wabaki ofisini. Wa nyumbani ufanisi ulipanda kwa asilimia 13. Lakini ukichukua wawili wenye ufanisi sawa, wa nyumbani alikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupandishwa cheo. Yani wamefanya vizuri zaidi na bado wakasahaulika. Utafiti ulichapishwa 2015 na mi kila nikiusoma namkumbuka yule bosi aliyedhani namba zinatoka kwenye mfumo zenyewe.

Kwahiyo ule ujumbe wa Ijumaa kwako ni lazima, usiuruke hata wiki moja. Kwenye kikao cha Zoom washa kamera angalau ukiwa unaongea, bando likiwa dogo sema mapema uzime baada ya hapo. Ukija Dar kwa shughuli nyingine pita ofisini hata nusu saa, kaa na mtu wa uhasibu ambaye mmekuwa mnaandikiana tu, hakuna imeili inayofikia mtu kukujua sura.

Bosi anachukua kazi yangu anaiwasilisha kama yake. Nifanyeje?

Inauma hii, sitakudanganya. Kabla hujakasirika tofautisha vitu viwili. Bosi kuwasilisha kazi ya idara kwa niaba ya idara ni kazi yake, huko juu wanajua hajaifanya peke yake. Ila kama anafuta jina lako kusudi, hapo kuna shida.

Kwa yote mawili dawa inaanza mapema. Kila faili chini weka "Imeandaliwa na" jina lako na tarehe, kila siku, mpaka iwe tabia, hakuna atakayeona umeianza kwa ajili yake. Alafu omba kuwepo, "bosi ukienda kuiwasilisha naomba nikusindikize, wakiuliza maswali ya ndani ya namba nikusaidie kujibu". Wengi wanakubali haraka kwasababu hayo maswali ndo yanawatesa. Ukishakaa mle ukajibu mawili matatu, jina lako halifutiki tena. Usimshtaki kwenye kikao mbele za watu, kwetu mkubwa akiaibishwa hadharani hata aliyekuwa upande wako anahama, muone faragha na uwe na mfano mmoja wenye tarehe.

Mi dada, kila kamati wananiweka mimi: keki, michango ya msiba, muhtasari wa kikao.

Na unaifanya vizuri ndo maana wanarudi. Linda Babcock na wenzake mwaka 2017 walichapisha utafiti kuhusu kazi hizi zisizompandisha mtu cheo, wakakuta wanawake wanajitolea kuzifanya zaidi ya wanaume na wanaombwa zaidi pia. Sio kwamba wanazipenda, kila mtu anasubiri wao ndo wanyanyue mkono.

Msiba ni msiba, hatukai pembeni, hilo halina mjadala. Ila keki na muhtasari viwe vya zamu. Usikatae kwa hasira, leta utaratibu, "naomba tuweke zamu kwa herufi za majina, mwezi huu nimeanza mimi, ujao kaka anayefuata kwenye orodha". Na kamati ukibaki nayo shika upande wa hesabu kuliko wa sahani, anayesimama mbele ya ofisi nzima kusoma mapato na matumizi anaonekana, anayeosha vikombe nyuma haonekani.

Wataniita chawa. Na kuna wenye kijicho, naogopa fitina.

Chawa anamsifia mtu. We unaonyesha kazi, na kazi ina namba, tofauti yake inaonekana hata na wasiokupenda baada ya miezi miwili.

Wivu upo, siwezi kukuambia haupo. Kilichonisaidia mimi ni kutaja watu. Kwenye ujumbe wangu wa Ijumaa naandika "fulani wa uhasibu ametusaidia kuingiza noti 31 siku moja", na simuelezi bosi peke yake, na yeye mwenyewe namuweka kwenye kopi. Mtu aliyesoma jina lake likitajwa kwa wema mbele ya bosi anakuwa mgumu sana kukusema vibaya. Mfundishe na mwingine unachojua, hata kama unahisi atakupita. Anayejua kitu akakificha anaogopwa, anayefundisha anatafutwa.

Mi nipo serikalini, haya yananihusu?

Yanakuhusu sana. OPRAS, ule mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi, ilianza 2004 na watu wengi walizoea kujaza fomu mwaka unaisha kwa kukopi malengo ya mwaka uliopita. Sasa hivi kuna PEPMIS, yani upimaji huohuo ila kwenye kompyuta, kazi zako unaziingiza kwenye mfumo na msimamizi anazipitia humohumo, kwahiyo ulichoandika ndo kinachosomwa. Usiandike "kushiriki vikao" au "kutekeleza majukumu mengine", andika mafaili mangapi yametoka mezani kwako, wananchi wangapi wamehudumiwa, kilichokuwa kinachukua wiki sasa kinachukua siku ngapi. Na jaza kidogokidogo kila wiki, ukisubiri siku ya mwisho utajaza kwa kubahatisha na mtandao utakuwa umeelemewa.

Nikionekana, na makosa yangu si yataonekana?

Ndio yataonekana. Kuna wiki niliripoti upungufu wa katoni 60, kumbe nilisoma leja ya ghala la pili. Nilipogundua niliandika palepale, "bosi namba ya asubuhi nimekosea, sahihi ni 6, nimesoma ghala tofauti, nimeongeza jina la ghala kwenye faili ili isijirudie". Alijibu neno moja, "sawa". Angeligundua yeye ingekuwa habari nyingine kabisa.

Itachukua muda gani? Na nikifanya yote bado hawanioni?

Kwangu ilikuwa kama miezi minne kabla bosi hajaanza kunitaja mwenyewe kwenye vikao. Dalili zinaanza ndogondogo, mtu wa idara nyingine anakupigia moja kwa moja, unawekwa kwenye kopi ya imeili ambayo zamani ungesimuliwa, bosi anakuuliza "we unaonaje" kabla hajaamua.

Ikifika miezi tisa hakuna hata moja, omba dakika kumi za bosi umuulize wazi, "nikitaka kufika nafasi ile, unaona nimepungukiwa nini, na tukikutana mwezi wa sita tuangalie kitu gani". Akikupa jibu lenye vitu vya kushika, vifanyie kazi. Akizungukazunguka, mwezi wa sita akazunguka tena, jibu umeshapewa, anza kuomba kwingine. Lile daftari lako la Ijumaa ndo litakujazia wasifu wako na ndo utakalolisoma usiku wa kuamkia intavyuu. Faili za kampuni na majina ya wateja viache palepale ofisini, we beba namba zako na tarehe zake.